Waya Mmoja

Mwanahawa, fundi umeme wa magari, alishabadilisha fyuzi na balbu, lakini taa za mbele za gari lile kuukuu ziligoma kuwaka.

"Mwanamke na magari wapi na wapi?" mwenye gari, Mzee Shekiondo, alifoka.

Mwanahawa alifungua dashibodi, akavuta waya mmoja. "Haukuungua huu. Umekatwa kwa mkasi."

Mzee akamgeukia mkewe, aliyeketi nyuma.

"Nimeukata mimi," mkewe akasema. "Nilidhani gizani hutaenda kwa hawara wako. Ukaenda."

"Unganisha!" Mzee akamwamuru fundi.

Mwanahawa akaweka koleo juu ya boneti. "Unganisha mwenyewe."

Mke alikuwa ameshashuka. Alitembea kuelekea barabarani bila kugeuka, mlango wa gari ukiwa wazi.