Mwiko wa Bi Evanthia

Kila alasiri ya kiangazi kijiji kizima hulala. Ndiyo hesikia, utulivu ambao Wagiriki wameurithi tangu mababu, na mlinzi wake ni Bi Evanthia. Akisikia kelele, hugonga ukuta kwa mwiko. Jirani yake mpiga zumari amekwisha kuitiwa polisi mara mbili.

Leo, saa kumi, simu ililia. Alikuwa mwanawe.

"Mama, ni binti! Tumempa jina lako."

Bi Evanthia akaiweka simu, mwiko mkononi ukidondosha mchuzi wa nyanya miguuni pake. Kisha akalisukuma dirisha likafunguka, akaanza kulitwanga sufuria.

Jirani akachomoza kichwa, nywele timtim. "Bibi we, saa ya hesikia! Nikuitie polisi?"

"Waite, waje wacheze! Na wewe shuka na zumari lako!"