Asubuhi ya Tano Bila Miwani

Asubuhi ya tano tangu daktari wa Nairobi amtengeneze macho kwa leza, Jamaldin mchinjaji aliamka, akapapasa kando ya kitanda, akavaa miwani kama alivyozoea kwa miaka ishirini. Chumba kizima kikatanda ukungu.

"Mama Aaliyah! Sioni!"

Mkewe akaja mbio kutoka jikoni, mikono imejaa unga. Alipomwona, alicheka hadi akashika mlango.

"Si uvue hiyo miwani!"

Akaivua. Dirishani, juu ya mabati ya soko la Embu, Mlima Kenya ulisimama na theluji yake yote. Machozi yakamlenga, akainua mkono ayafute.

"Usisugue! Daktari alikukataza."

Basi akayaacha yatiririke hadi ndevuni, akageuka amtazame mkewe.