Kishindo Uani kwa Mwanaidi

Afisa wa kelele alikitega kipimo chake uani kwa Mwanaidi, akainua macho angani. Serikali ilitaka kujua kama ndege mpya, zinazokwenda kasi kuliko sauti, ziruhusiwe kupita juu ya nyumba za watu.

Mwanaidi hakutulia. Alikaa, akainuka, akamwekea mwanawe mchanga khanga mkekani, akaitoa, akaiweka tena.

"Asije akapatwa na kifafa kwa hofu."

"Nani, huyu?" Mkwewe, Bi Tatu, alicheka. "Huyu simba! Siku ya arubaini si tulimtwangia kinu kitupu masikioni, kama watoto wote wa mji huu, wasiwe waoga? Wenzake hulia. Yeye hata kope hakupepesa."

Mara mbingu ikapasuka kwa kishindo cha ndege. Mabati yalitetemeka, kuku wakatawanyika, Bi Tatu akaanguka kifudifudi. Mtoto, macho wazi, aliendelea kuchezea pindo la khanga.

Afisa akatabasamu. "Basi si kelele ya kutisha. Hata mtoto hakushtuka! Nitawaambia wakubwa."

"Si nilisema?" Bi Tatu alijipangusa vumbi. "Simba!"

Mwanaidi aliingia jikoni, akakiburura kile kinu mpaka nyuma ya mkeka, akaunyanyua mchi kwa mikono miwili.

"Unatwanga nini tena, mwanangu?"

Mtoto alikuwa amempa kisogo, anacheka na khanga yake. Mwanaidi akayakazia macho masikio yake, na mchi ukabaki hewani.