Mlango Uliobonyea

Saluni walisema ukidai bima, gari lako hupewa ruhusa ya kumhoji mtoto wako. Neno hilo halikunitoka kichwani, maana nilikuwa nimegonga nguzo ya geti mwanangu akiwa garini, na mlango ukabonyea.

"Dai tu bima, Mama Wakesho," mume wangu alisema. "Tunailipia ya nini?"

"Na Wakesho akisema nilikuwa naongea na simu? Sheria unaijua. Dereva mzembe habebi mtoto, hata wake wa kumzaa."

"Basi nenda kwa fundi ulipe mwenyewe, unyamaze."

Fundi alinyoosha bati akapiga rangi, mlango ukawa kama mpya. Asubuhi nilimfunga Wakesho mkanda, nikarudi ndani kuchukua chupa yake ya maji. Nilipotoka nilisikia sauti yangu mwenyewe garini, ikiongea polepole.

"Kifaranga changu, siku ile mama alikuwa anafanya nini?"

Wakesho akaweka mkono sikioni, kama anayeshika simu.

Akina mama wenzangu, nawaomba:

Msimwache mtoto peke yake garini.
Msitengeneze mlango kwa siri mkidhani gari limesahau.
Msimfundishe mtoto kudanganya, litamuuliza nani kamfundisha.
Msimwite kwa jina la mapenzi mkiwa ndani ya gari.