Dirisha Lisilo na Bei

Siku hizo vioo vya nyumba vilijitia giza vyenyewe kila mwezi, na kampuni moja tu ndiyo iliyoruhusiwa kuvisafisha, kwa bei iliyotegemea kinachoonekana nje. Dirisha la jikoni la Bi Semeni lilitazama ghorofa la jirani: elfu tatu, basi. La chumbani lilitazama stendi ya zamani, na bei yake haikuacha kupanda tangu walinzi walipowapiga risasi wagomaji pale na kuwafukia papo hapo, mwanawe Hamdu akiwa mmoja wao. Bi Semeni aliuza kitanda, akalala mkekani, akalipa.

Siku moja msafishaji alimaliza la jikoni, akaanza kukunja kamba zake.

"Na la chumbani, mwanangu?"

"Hilo halina bei tena, mama. Limefutwa kwenye orodha."

"Chukueni friji ile."

"Mama, pale hapana kitu cha kutazama. Hapajawahi kutokea kitu."

"Umekaririshwa vizuri wewe! Wanakulipa mshahara au wanakutupia makombo?"

Msafishaji akainamisha macho. "Usije ukakivunja kioo tu. Ni miaka saba jela."

Alipoondoka, Bi Semeni alisimama jikoni akitazama ghorofa la jirani. Madirisha yote yalikuwa meusi, isipokuwa moja lisilo na kioo kabisa. Mama Chausiku, aliyefiwa na wanawe wawili siku ile ya risasi, alikuwa ameegemea hapo kwa viwiko, ameikodolea macho stendi.

Bi Semeni akaenda kuchukua mchi wa kinu.