Abiria wa Mkwajuni

Kitanda kilifika stesheni kabla ya mwenyewe. Vijana wawili walikitua mbele ya ofisi, na nyuma yao akatokea Mama Mumbe, godoro kichwani, sufuria mkononi, kuku kwapani.

"Hapo hapo, mama! Kisisogezwe!" akapiga kelele Randu, mkuu wa stesheni ya Mkwajuni, huku akihangaika na vifungo vya koti la kazi lililokuwa limegombana na tumbo lake siku nyingi. "Akishuka tu, kitanda kimpokee."

Aliyengojewa ni Bwana Muasya, mkaguzi wa reli, aliyekuwa akiteremka kutoka Voi akitazama stesheni ndogo moja moja. Isiyo na abiria ilikuwa ikifungwa. Na Mkwajuni, Mungu hapendi uongo, abiria haikuwa nao. Mwaka uliopita, mvua za El Nino zilipoikata barabara, treni ndiyo iliyokuwa baba, ndiyo iliyokuwa mama. Maji yalipokauka barabara ikatengenezwa, na watu wakaisahau treni kama mgonjwa aliyepona anavyomsahau mganga.

Randu hakuwalaumu. Alijijua kuwa anachosha. Nani pale asiyejua kwamba ukikata tiketi kwake unaongezewa na historia? Mara tangi lililokuwa likiyanywesha magari ya moshi. Mara chumba cha kungojea cha daraja la kwanza, ambamo tangu kijengwe hajalala wa daraja la kwanza ila kuku. Mara babake, aliyepiga nyundo kwenye reli hizi mpaka akazeeka. Wengine walipanda malori ili tu waikwepe hadithi hiyo. Mkewe, Mercy, alikuwa akisema stesheni ndiyo mke mkubwa, yeye ameolewa wa pili.

Lakini ikifungwa, Randu angekwenda wapi? Alizaliwa katika nyumba ya reli ile pale, na kazi nyingine duniani hakuijua. Tangu apate habari za ukaguzi, ugali ulikuwa haumshuki.

Ndipo alipopata wazo. Lilikuwa wazo lake mwenyewe, na hilo hasa ndilo lililomtia Mercy hofu.

Akakizunguka kijiji kizima akiomba na kubembeleza. Siku ya mkaguzi ni siku ya soko Mariakani. Basi watu wote wapande treni, na jioni lori la Kaingu litawarudisha kimya kimya.

"Na mje na mizigo," akawasihi. "Abiria mikono mitupu huonekana mzururaji. Nataka mizigo ya kumtoa mtu machozi!"

Lo! Wema wa watu wa Mkwajuni ukapita kiasi. Huyu kaleta plau ya ng'ombe, yule kabati la vyombo. Ustadhi Waziri kaja na madrasa yake nzima, watoto na mbao zao za kuandikia. Mchungaji wa kanisa akaona asishindwe, akaja na kwaya na ngoma zake. Mbuzi ndio usiseme. Ngui, mlowezi aliyetoka Kitui akapata shamba pale, alikuwa ameung'oa mlango wa nyumba yake.

"Ngui, mlango wa nini tena?"

"Si ulisema mizigo, mzee? Mimi nikimsaidia mtu, namsaidia."

Randu akageukia ukutani, akapangusa macho. Kumbe anapendwa hivi, naye miaka yote alidhani wanamvumilia tu!

Treni ikaingia. Aliyeshuka alikuwa mmoja peke yake, Bwana Muasya, kijana mpole mwenye miwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bwana mkubwa. Utuwie radhi kwa msongamano. Sisi tumeshauzoea."

Muasya akakitazama kitanda kikiingizwa behewani ubavu ubavu. Akawatazama vikongwe wakivutwa mikono na watoto wakipitishwa juu kwa juu.

"Hawa wote wanakwenda?"

"Wote."

"Hata madrasa? Hata kanisa?"

"Treni yetu haibagui dini, bwana. Na hawa ni wa leo tu. Wa jana ungewaona!"

Mercy, aliyekuwa ameshapata kiti dirishani, akamtolea mumewe macho anyamaze. Wapi! Randu akishaupanda uongo hashuki mpaka mwisho wa reli.

"Watarudi na treni ya jioni?" akauliza Muasya.

Randu akauona mtego. Akisema ndiyo, huyu ataingoja treni ya jioni, nayo itafika tupu, watu wenyewe wakiwa juu ya lori la Kaingu. Akajipongeza moyoni kwa wepesi wa akili.

"La, bwana. Wakiondoka hapa wameondoka."

Muasya akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Macho yake yalikuwa na maji. Randu akajua ameshinda. Historia yote aliyokuwa ameikariri hakuihitaji, mizigo ilikuwa imemsemea. Stesheni imepona. Akakaza mgongo, akangoja kuambiwa.

Kijana akaushika mkono wake kwa mikono miwili.

"Pole sana, mzee wangu. Kule ofisini tulidhani watu wa Mkwajuni wapo ila hawapandi treni, kumbe wanahama. Nitawaambia stesheni ifungwe leo hii. Haya, kachukue nguo zako upande na wewe, siwezi kukuacha peke yako katika kijiji kitupu."