Mgongo wa Vital

Mtu hawezi kujichoma sindano katikati ya mgongo wake mwenyewe. Adeline alikuwa amejaribu jikoni, kwa kijiti cha ufagio, na mkono ulikataa kufika.

Basi kulikuwa na mkono mwingine.

Mumewe Vital alikuwa amerudi Bunia mwaka huo wa 1983, baada ya miaka mitano China, katika chuo cha tiba ya jadi ya Wachina: sindano nyembamba kama unywele, majani ya kuchemsha, na moto kidogo juu ya ngozi. Mtaa mzima wa Nyakasanza ulimwita Citoyen Docteur, Mwananchi Daktari. Kibao cha mlangoni kilikuwa kimeshapakwa rangi, na wagonjwa wa kwanza walitazamiwa Jumatatu. Sokoni wanawake walimpongeza Adeline, naye alitabasamu huku roho ikimuuma.

Siku alipomsugua mgongo kwa sabuni ndipo alipoziona alama: madoa madogo, mistari miwili kando ya uti wa mgongo, na makovu ya moto kama punje za mahindi. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa chini ya shati la mumewe.

"Nani alikuchomaka?"

"Siye ku masomo tunachomanaka," Vital alijibu bila kugeuka.

"Mwenzako ni nani?"

"Hakuna mumoja. Wanabadilikaka kila mwaka."

Kila mwaka! Hata uongo wenyewe hajui kuupanga, Adeline aliwaza.

Tangu hapo akawa anamvizia ndani ya nyumba yake mwenyewe. Aligundua kwamba Vital akiguswa mgongoni ghafla hashtuki. Analegea tu, anafumba macho, mabega yanashuka. Mwanamke wa huko China alikuwa amemfundisha vizuri, aliwaza kwa wivu.

Halafu sindano. Vital alimwambia kila mtu kwamba zimekwama forodhani Kinshasa. Jumamosi, akitafuta shuka, Adeline alizikuta chini kabisa katika sanduku la Vital, ndani ya kisanduku cha mbao, zimeviringishwa katika kitambaa cha hariri nyekundu chenye maua yaliyotariziwa. Hariri! Mwanamume gani anampa mwanamume mwenzake hariri?

Alifunga nguo zake za kwendea kwao Gety. Kisha akamwita mumewe chumbani na kumwekea kisanduku miguuni.

"Hii alikupatia bibi yako wa kule?"

Vital alikitazama. "Darasa ndiyo ilinipatia. Siku ya kuniaga."

Adeline akacheka, cheko lisilo na furaha. "Vital, unisikie. Miaka mitano nilikungojea. Wanaume walikuya, nikawafukuza. Kama hauna mwanamuke kule, unichome. Hapa, sasa hivi, vile ule alikuwa anakuchomaka. Ukikataa, ninaenda kwetu."

Alivua blauzi, akalala kifudifudi mkekani, akangoja. Alisikia kisanduku kikifunguka. Alisikia pumzi za Vital juu yake, nzito, na tone la jasho likamwangukia kwenye bega. Sindano haikuja. Alipoinua kichwa aliona mkono wa mumewe ukienda huku na kule juu ya mgongo wake, haujui pa kutua.

"Unaona!" alisema, machozi yakimtoka. "Unamuogopa hata akiwa mbali."

Vital alivua shati. Akamwekea Adeline sindano kiganjani, akalala kando yake kifudifudi, mikono ubavuni, uso umegeukia ukuta, bila hata kurekebisha mwili.

"Anzia hapa chini ya shingo, kushoto," alisema polepole. "Wote walikuwa wananianziaka hapo."

"Wote nani?"

"Wanafunzi," alisema Vital. "Mimi nilianguka mutihani mwaka ya kwanza. Nikabakia mugongo yao ya kujifunzia."